Kabla hamjagawa kihamba, shamba la ukoo, pigeni hesabu hii

Anza na hatua. Huku kwetu Marangu, Kilimanjaro, kama sehemu nyingi za Tanzania, ekari ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Tembea mpaka hadi mpaka ukihesabu kwa sauti, mwenzako aandike. Usikubali kuambiwa "ni ekari mbili hivi". Masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yanaweza kung'olewa usiku.

Sasa shuka na vizazi. Babu yangu alikuwa na ekari 4 na wana 4. Baba akapata ekari 1, naye akazaa wana 4. Mimi nina robo: hatua 35 kwa 35. Migomba ikipishana mita 3, robo ekari inaingia mashina kama 100, na hapo sijaitoa nyumba, zizi, kahawa wala makaburi ya wazee. Nina wana wawili na binti mmoja, na binti ana haki sawa na kaka zake. Nikiwagawia, kila mmoja atapata ukanda wa hatua 35 kwa chini ya 12. Nimeutembea ukanda huo asubuhi na mapema, peke yangu, na roho iliniuma.

Kisha pima kasi ya watu kuongezeka: chukua namba 70, ugawanye kwa asilimia ya ongezeko la mwaka. Unapata miaka ya kitu kuwa mara mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, watu wanakuwa mara mbili kwa kama miaka 22 tu. Matumizi ya kitu chochote nayo ni vilevile: yakikua kwa asilimia 5, yanakuwa mara mbili kwa miaka 14. Samadi itaongeza mikungu, ndiyo, lakini haiongezi ardhi.

Maji yapime Februari, jua likiwa kali, si Mei mfongo, yaani mfereji wa maji, umefurika. Tega ndoo ya lita 20 kwenye chemchemi, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, mna ndoo 2,160 kwa siku. Watu 500 watapata ndoo nne na kitu kila mmoja, na humo ng'ombe wanywe na mboga zimwagiliwe. Rudia hesabu kwa watu 1,000.

Yaandike yote kwenye karatasi moja, uje nayo Desemba ukoo ukiwa umerudi nyumbani, kabla mtu hajachimba msingi.