Kutuma kazi kwenye kompyuta kuu ukiwa Nyegezi

Laptopu yangu ilihesabu mikondo ya maji ya Ghuba ya Mwanza siku sita. Ya saba umeme ukakatika. Ndipo nikajifunza kutumia kompyuta kuu ya pamoja, yaani mashine nyingi zilizounganishwa na kutumiwa na wengi kwa mbali, kama Lengau ya Cape Town (duma, kwa Kitswana).

Anza na msimamizi wako. Akaunti mara nyingi hufunguliwa kwa mradi, si kwa mwanafunzi. Ukiipata, ingia kwa ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao. Pale unapoingilia ni sebuleni tu, si mahali pa kuendeshea hesabu nzito, na wenzako wamejaa. Mimi niliendesha modeli nzima hapo hapo. Ikazimwa, barua kali ikafuata. Nilistahili.

Badala yake, andika hati fupi ya amri inayotaja idadi ya kori (sehemu za kichakataji zinazofanya hesabu), kumbukumbu (RAM) na muda unaohitaji, kisha itume kwenye foleni. Panapotumika Slurm, programu inayopanga foleni hiyo, amri ya kutuma ni sbatch. Amri ya squeue hukuonyesha kama kazi bado inasubiri au inaendelea.

Muda ndio wenye ujanja. Ukiomba saa 48 kwa kazi ya saa 3, utasubiri kama tulivyosubiri feri ya Kigongo kabla ya daraja, maana kazi fupi hupenyezwa kwenye nafasi ndogo zilizobaki. Ukiomba kidogo mno, inakatwa njiani. Kwa hiyo jaribu kwanza mikondo ya siku moja, pima muda, ongeza kidogo, na uiagize modeli ihifadhi hali yake kila baada ya saa.

Umeme ukikatika Nyegezi, kazi inaendelea kule. Ila usipakue kila faili, bando litaisha. Chora grafu huko huko, ulete picha.