Kabla ya Kutumbukiza Karatasi Yako ya Kwanza ya Kura

Anayepiga kura kwa mara ya kwanza huwaza zaidi foleni na kitambulisho, na ni kweli kwamba jina lapaswa kuhakikiwa mapema katika daftari la wapiga kura, lakini mahali ambapo kura huweza kupotea bila mwenyewe kujua ni ndani ya kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri.

Unapokabidhiwa karatasi, itazame kwanza kama ina muhuri au alama rasmi, kwa kuwa katika nchi nyingi karatasi isiyo na alama hiyo haihesabiwi. Soma majina yote hadi la mwisho kabla ya kushika kalamu, kisha weka alama kama maelekezo yanavyotaka, ndani ya kisanduku cha mgombea unayemtaka, pasipo kuandika jina lako, sahihi wala neno la kumsifu, maana chochote kinachomtambulisha mpiga kura huweza kuibatilisha kura yake. Wino ukiwa bado mbichi, subiri ukauke, halafu kunja karatasi kwa namna ambayo alama haitajinakili kwenye kisanduku cha mgombea mwingine. Kwangu mimi, hili ndilo linalostahili uangalifu kuliko yote.

Ukikosea, usifutefute wala usiitumbukize hivyo hivyo kwa kuona haya. Irudishe kwa msimamizi kabla haijaingia sandukuni, naye kwa kawaida ataibatilisha na kukupa nyingine, wala hapaswi kukuuliza ulitaka kumchagua nani.