Pima ukubwa kabla ya kuiamini programu kongwe ya kunakili DVD

Kwa wenzangu wa Mombasa wanaohamisha DVD za nyumbani, zikiwemo za harusi, kwenda kwenye diski kuu ya kompyuta: kabla ya kuitegemea programu ya zamani kama DVD Shrink, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2004, nakili diski moja tu, kisha linganisha ukubwa wa folda ya VIDEO_TS (ndimo zinamokaa video za DVD) ya asili na ule wa nakala. Programu hizo ziliundwa ili diski ya tabaka mbili, yenye gigabaiti 8.5, iingie katika diski tupu ya gigabaiti 4.7, na kwa hiyo hubana picha bila kukuuliza. Leo nafasi ipo tele, na hakuna sababu ya kuipunguza sura ya bibi harusi. Ukikuta nakala imepungua sana, zima ubanaji katika mipangilio na urudie.

Kipimo hiki hakisaidii kwa diski ya tabaka moja, kwa kuwa haikuhitaji kubanwa, wala hakigundui sehemu zilizosomwa vibaya. Hapo cheza dakika za mwisho za nakala, kwani diski hiyo husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa na vidole. Tena, ukihifadhi nakala kama faili moja la ISO, yaani faili linalobeba diski nzima, flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, italikataa likizidi gigabaiti 4; tumia mfumo mpya zaidi wa exFAT.