Jinsi ya kuomba faili yako hospitalini na kujua nani ameiona (Kenya)

Siku moja nikiwa kwenye foleni ya maabara, karani alichungulia dirishani akauliza kwa sauti, "Mama wa yule mtoto wa SS yuko wapi?" Benchi zima likageuka. Mama akainuka polepole, leso ameivuta usoni. SS ni alama ya selimundu, ugonjwa wa seli za damu, nao hurithiwa kwa wazazi wote wawili, kwa hivyo karani alikuwa ametangaza damu ya watu watatu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na data za kijenetiki kuwa data nyeti. Ukishuku zako zimezagaa, anza na hospitali yenyewe.

Mwandikie msimamizi barua, au jaza fomu ya maombi iliyo kwenye Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Taja jina kamili, namba ya faili na tarehe ulizotibiwa. Omba mambo mawili: data walizo nazo juu yako, na waliopewa data hizo, iwe ni bima, mwajiri, watafiti au maabara ya nje. Hilo la pili wengi hulisahau, nami naona ndilo zito. Mtoto huombewa na mzazi au mlezi. Beba kitambulisho.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe ukiwa umesimama hapo hapo. Ukiambiwa "acha tu, tutakupigia", usiondoke. Wana siku 7 za kukujibu, bila malipo, na bila muhuri utazihesabu kuanzia lini?

Ukikuta kosa, tuseme AS (aliyebeba jeni ya selimundu bila kuugua) imeandikwa SS, omba marekebisho kwa maandishi. Hapo wana siku 14. Kufutiwa faili nzima ni kibarua, maana hospitali huweza kubanwa na sheria kuitunza.

Wakinyamaza, au siri ikiwa imeshatoka, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna ada. Jaza fomu yao, tuma barua pepe, au eleza kwa mdomo nao wayaandike. Ambatisha nakala yenye muhuri na picha za skrini, kisha simulia kwa mpangilio: siku gani, dirisha gani, nani alisikia. Hasira iache nyumbani. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, na uamuzi usipokuridhisha, unakata rufaa Mahakama Kuu.