Kuandaa nyaraka za profesa mstaafu wa siasa kabla ya kuzikabidhi maktaba

Usianze kwa kutupa. Mihadhara iliyopigwa taipu, mihtasari ya vikao vya idara na madaftari ya kamati ya mtaa vina thamani kuliko vitabu, ambavyo huenda maktaba inavyo tayari. Mafungu yaache kama mzee alivyoyaweka; ukiyapanga upya kwa alfabeti, mfuatano wa kazi yake unapotea.

Toa pini za stepla na klipu: kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam au Tanga hushika kutu na kula karatasi. Nyuma ya picha andika majina na mwaka kwa penseli laini, 2B, maana wino hupenya. Mwulize mwenyewe mapema. Picha ya mkutano isiyo na majina haimfai mtafiti. Laminesheni? Hapana kabisa, haibanduki. Barua zenye siri za wanafunzi zitenge, na hati ya makabidhiano itaje nani atazisoma na lini.