Mradi wako wa kwanza wa usanifu wa violesura: anza na mtu, si na rangi

Ninasimamia mazoezi ya maabara ya wanaoanza kusomea mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Wakishapewa mradi wa kusanifu kiolesura, yaani skrini na vitufe ambavyo mtu hutumia kuendesha programu, wengi hukimbilia programu ya kuchorea na kuanza kuchagua rangi. Nakusihi, usianzie hapo.

Chora skrini zako kwa penseli, kila skrini na karatasi yake. Kisha tafuta watu wasiosoma darasa lako wazijaribu. Mwenzako anajua tayari kwamba mistari mitatu hufungua menyu. Kabla ya kuwaita, muulize mhadhiri kuhusu kibali cha maadili ya utafiti, na usimrekodi mtu bila ridhaa yake. Mwambie wazi kwamba kinachopimwa ni skrini, si yeye.

Sasa mpe kazi, usimpe maelekezo. Tuseme skrini zako ni za kupanga miadi ya daktari: "Bonyeza Miadi" ni maelekezo. "Mtoto ana homa, mtafutie daktari wa kesho asubuhi" ni kazi. Hakikisha maneno ya kazi hayamo kwenye skrini, la sivyo atayafuata kama mshale. Akigusa karatasi, wewe ndiwe kompyuta: weka inayofuata.

Mwombe aseme kwa sauti anachowaza. Mtafiti Clayton Lewis aliieleza mbinu hii kwa ajili ya kupima violesura mwaka 1982, akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM, na mimi sijaona inayoizidi kwa mwanafunzi asiye na vifaa. Ugumu wake ni kunyamaza. Atakwama, nawe utatamani kumwonyesha. Vumilia. Akiuliza, "Nibonyeze hapa?", mrudishie: "Unadhani kitatokea nini?" Usiandike "amechanganyikiwa", hiyo ni tafsiri yako. Andika: "Amerudi ukurasa wa kwanza, akasema, 'Mbona haijahifadhi?'"

Watu watano wanatosha kwa duru moja, kama mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen alivyotetea kwa miaka mingi, mradi urekebishe kasoro kisha uite watano wengine. Kulinganisha kasi ya miundo miwili ni jambo jingine. Hapo utahitaji watu wengi zaidi.

Mwisho, wape dodoso la SUS (System Usability Scale) la John Brooke, la mwaka 1986, linalopima watu wanavyoona urahisi wa kutumia mfumo. Lina kauli 10, kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Kwa za namba shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Matokeo huishia 100 lakini si asilimia, na wengi hukosea hapa: wastani unaotumika sana ni 68, kwa hiyo 50 si nusu ya mafanikio, iko chini ya wastani.

Nadharia zisome sambamba na vipindi hivi. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu hutegemea umbali na ukubwa wake; utamwelewa siku utakapomwona mtu akikosa kitufe kidogo kilicho mbali na kidole gumba.

Kwenye ripoti, bandika karatasi zile za kwanza, hata zenye alama za vidole. Kando ya kila badiliko andika tendo au maneno ya mtu yaliyokufanya ubadilishe.