Kununua nyumba yenye hati au kuhamisha mkopo wa nyumba: maswali ya kuuliza kabla fedha haijatoka

Mnunuzi akishatandaziwa hati miliki mezani, yenye mihuri na ramani ya kiwanja, huwa mwepesi wa kuamini kwamba amempata mwenye nyumba halisi na kilichobaki ni kupatana bei. Hata hivyo, katika Tanzania Bara hati ni kielelezo cha kile kilichoandikwa katika daftari la Msajili wa Hati, na yale yaliyoingizwa humo baada ya hati kutolewa huenda yasionekane kabisa kwenye karatasi unayoonyeshwa. Kwa hiyo swali la kwanza haliulizwi kwa muuzaji wala kwa dalali, bali katika ofisi ya ardhi: leo daftari linasema nini? (Zanzibar ina sheria zake za ardhi, nayo haimo katika maelezo haya.)

Jibu hupatikana kwa upekuzi rasmi. Mwombaji hutaja namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, hulipa ada ya Serikali, kisha hupewa majibu ya maandishi yanayoonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa pamoja na mizigo iliyoandikwa juu ya hati hiyo, iwe ni rehani ya benki, zuio la mtu anayedai haki, au amri ya mahakama. Majibu hayo yasomwe polepole, jina likilinganishwa herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa cha muuzaji. Uangaliwe pia muda uliobaki, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, na anachouza mwenye hati ni haki ya kuimiliki kwa kipindi maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 hufika ukingoni mwaka 2031, na benki utakayoiomba mkopo italiona hilo hata kama wewe hukuliona. Leseni ya makazi, ambayo wengi mitaani huiita hati, ni waraka wa muda mfupi zaidi na wenye nguvu ndogo zaidi. Bei yake haipaswi kulingana na ya nyumba yenye hati miliki.

Upekuzi mmoja hautoshi. Ukifanya wa kwanza mwezi Machi ukakuta daftari safi, kisha ukalipa mwezi Juni, katika miezi hiyo mitatu ndugu wa muuzaji anaweza kuwa ameweka zuio, au muuzaji mwenyewe amekopea nyumba ileile. Rudia siku chache kabla ya malipo ya mwisho. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na thamani ya nyumba. Na muuzaji anayekuonyesha nakala tu, akisema hati halisi ipo kwa shangazi Morogoro, asipewe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka hati hiyo itoke kwa shangazi. Mara nyingi shangazi huyo ni benki.

Swali la pili ni kama anayeuza ana mamlaka ya kuuza, na hapa ndipo mashauri mengi huzaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, mwenza akiwa amesaini mwenyewe mbele ya wakili. Kauli kwamba mama amekubali kwa simu isikutoshe. Muuzaji akisema hana mwenza, aape kiapo kinachosema hivyo, nawe uwaulize majirani, maana kiapo cha uongo humweka yeye matatani lakini hakikurudishii fedha zako. Mmiliki akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na ambaye jina lake limekwisha kuingizwa katika daftari. Kikao cha ukoo, hata kikiwa na saini za watu ishirini, huishia kupendekeza tu. Anayeuza kwa niaba ya aliye nje ya nchi awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, nawe uthibitishe kwamba aliyempa bado yu hai, kwa sababu kwa kawaida uwakilishi hukoma kwa kifo.

Mkataba wa mauziano lazima uwe wa maandishi, kama inavyotaka Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mwambie wakili wako, ambaye asiwe pia wakili wa muuzaji, aandike wazi nani analipa nini, sehemu kubwa ya bei itatunzwa wapi hadi uhamisho ukamilike, na fedha zitarudi lini endapo uhamisho utakataliwa. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ile ya faida inayopatikana kwa kuuza, ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Lakini Msajili hasajili uhamisho bila uthibitisho wa kodi, kwa hiyo deni la muuzaji hukukwamisha wewe. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na uulize habari za mita ya umeme, kwani tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali huambatana na fomu namba 29, 30 na 35, ambazo ndizo taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati yenyewe ya uhamisho. Ile asilimia 10 inayodaiwa mitaani kwa ajili ya muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa haina msingi wa kisheria, na muhuri huo hauhamishi umiliki wa kiwanja chenye hati.

Kwa anayehamisha mkopo kutoka benki moja kwenda nyingine, maswali hubadilika. Omba benki ya zamani barua inayotaja deni lote hadi tarehe fulani, pamoja na gharama ya kulipa kabla ya muda, maana riba ndogo ya benki mpya inaweza kumezwa na gharama hiyo ukijumlisha uthamini, mawakili na usajili wa rehani mpya. Ridhaa ya mwenza hutolewa upya, kwa kuwa ile ya kwanza iliihusu rehani ya kwanza. Kisha mpangilio wa malipo uandikwe: benki mpya inalipa, benki ya zamani inaahidi kwa maandishi kuachia hati pamoja na waraka wa kufuta rehani ndani ya siku zilizotajwa. Bila ahadi hiyo mkopaji anaweza kujikuta akidaiwa na benki mpya huku hati ingali kwenye kabati la benki ya zamani.

Hata aliyemaliza deni lake bila kuhamia popote ana safari moja ya ofisi ya ardhi iliyobaki. Barua ya benki inayosema deni limekwisha haifuti chochote katika daftari. Mpaka waraka wa kufuta rehani usajiliwe, upekuzi wa mnunuzi wako wa kesho utaendelea kuonyesha kwamba nyumba imewekwa rehani.